Ng'ombe kachomwa sindano, maziwa tuyamwage kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Ng'ombe wangu alivimba kiwele, chuchu moja ikawa inatoa maziwa ya mabonge mabonge, bwana mifugo akamchoma antibayotiki akasema nisipeleke maziwa senta mpaka dawa iishe mwilini. Sasa lita zote hizo nimwage na ada ya mtoto inasubiri? Tunachemsha tunakunywa wenyewe, yanayobaki nampa ndama. Shemeji anasema eti ndo tunatengeneza usugu wa dawa, mi naona ananitisha tu. (Mama wa Tukuyu)

JIBU: Marahaba mama, pole, ila shemeji yuko sahihi. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa haiondoki, antibayotiki kama penisilini kwa sehemu kubwa inabaki humohumo kwenye sufuria. Ndo maana maziwa ya hivyo ukitaka kugandisha mtindi mara nyingi yanagoma, bakteria wa kugandisha wamedumazwa (ila hata yakiganda usiseme basi yako salama). Sasa dawa kidogo kidogo hivyo ikiingia tumboni kila siku, bakteria dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki na nafasi yote ya kuzaliana, ndo usugu wenyewe huo, dawa haiwaui tena. Na huyo ndama ndo ananitia wasiwasi kuliko nyie, maana anakunywa kutwa mara mbili, halafu mbolea yake unaitupa kwenye migomba na mboga, wale wagumu wanasafiri nayo.

Si vitisho. Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani, na 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zikakubaliana kupunguza vifo vinavyohusiana nao kwa asilimia 10 ifikapo 2030, pamoja na kupunguza dawa hizi kwenye kilimo na mifugo. Tanzania nayo ina mpango wa taifa tangu 2017, lakini mpango haukamui ng'ombe, unakamua wewe.

Kwa hiyo mwaga, kwenye shimo mbali na kisima, na ni ya chuchu zote nne maana dawa ya sindano inapita kwenye damu. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa, kila dawa na zake, unahesabu kuanzia sindano ya MWISHO, wengi wanakosea hapo. Ukishamaliza kukamua mpe majani asimame kwanza, akilala chuchu bado ziko wazi uchafu unaingia, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake, huyo mgonjwa mkamue wa mwisho.