Kakatua wa Tanimbar na vijiti vyake

Umeuliza kama yule kakatua (ndege wa jamii ya kasuku) mweupe mwenye waridi karibu na mdomo hutumia vifaa bila kufunzwa. Ndiyo, ila si wote. Kwao ni visiwa vya Tanimbar, Indonesia. Mwaka 2021 watafiti waliripoti ndege wa porini, waliowekwa kizuizini kwa muda hukohuko visiwani, wakila tunda la pwani linalofanana na embe. Wawili tu kati ya 15 walichonga vijiti vya namna tatu: kinene cha kupanulia ufa wa kokwa, chembamba cha kutobolea ganda la mbegu, na kingine cha kuchotea mbegu. Mikono hawana, vijiti huvitumia kwa mdomo na ulimi!