Kabla hujauogopa mti wa jirani, chunguza kitako chake

Wiki hii tumepokea ujumbe wa msomaji wa Bombo, Uganda. Mkaratusi wa jirani umepita paa lake mara tano, uko hatua nane kutoka chumba wanacholala watoto, na kila wingu zito likitanda anakesha akisikiliza matawi. Jirani anasema mti hauna neno. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, amewaambia wavumiliane. Msomaji anauliza: adai ukatwe, au anaogopa bure?

Maswali ya namna hii hutujia kila mvua za Machi zinapokaribia, na tena kabla ya zile za Septemba. Leo tunajibu kwa urefu kwa sababu wengi huanza pabaya. Wanakodoa macho kileleni wakati ugonjwa wa mti uko kwenye kitako. Urefu peke yake hauangushi mti. Mvule mkubwa wenye mizizi mizima huzizoea dhoruba za kizazi baada ya kizazi. Mkaratusi mwembamba uliochimbiwa shimo la choo pembeni huweza kulala kwa mvua moja ya usiku.

Urefu una kazi moja tu: kukuonyesha mti ungefika wapi kama ungeanguka. Upime, usikisie. Tafuta kijiti kilicho sawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi kwenye ngumi, mkono ukiwa umenyooka. Kishike wima, kisha rudi nyuma hadi ncha ya chini ya kijiti ikutane na kitako cha mti na ya juu ikutane na kilele. Hapo uliposimama, umbali wako na shina ndio urefu wa mti. Kwenye kilima usipimie juu wala chini ya mti. Simama ubavuni, usawa wa kitako. Ukipenda kutumia kivuli, pima saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, maana kwetu hapa ikweta kivuli cha saa sita hakina maana. Kijiti cha mita 1 kikitoa kivuli cha mita 1.2 na mti ukatoa cha mita 24, mti una mita 20. Ongeza robo, ziwe 25, kwa sababu mti ukianguka hutupa matawi mbele yake. Vyumba vyote vilivyo ndani ya duara hilo vinahusika, vya kwako na vya mwenye mti pia. Jambo hilo la mwisho likumbuke, utalihitaji siku ya mazungumzo.

Sasa piga magoti. Ondoa majani, takataka na udongo uliolundikana, mita moja kuzunguka shina. Shina zima linapokutana na ardhi hutanuka kama mguu wa tembo. Likiingia ardhini limenyooka kama nguzo, basi mtu alijaza udongo wa maram akisawazisha kiwanja, na gome lililozikwa huoza taratibu bila majani ya juu kuonyesha lolote. Tafuta uyoga, hasa ule mgumu unaojitokeza kama kibao kwenye shina au mizizi. Huo ni ushahidi kwamba ndani kumeoza kwa muda. Mchwa nao husemwa vibaya kuliko wanavyostahili: wengi wao hula mbao iliyokwisha kufa. Ukiona njia zao za udongo zikipanda shinani, usiwapulizie dawa ukaridhika. Kwangua uone mahali penyewe pamekufa kiasi gani.

Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini hadi kimo cha kichwa, pande zote. Mbao nzima hutoa sauti fupi iliyokaza, pango hutoa sauti ya ngoma. Mti wenye pango si lazima uanguke, maana nguvu ya shina iko kwenye kuta zake za nje. Palipo na tundu, ingiza spoku ya baiskeli uone ukuta mzima una unene gani. Ukuta usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo: shina la sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo linahitaji ukuta mzima wa sentimita 10 kila upande. Chini ya hapo, au tundu likila zaidi ya theluthi ya mzunguko wa shina, usisubiri msimu mwingine.

Kuinama nako kuna kwa zamani na kwa jana. Mti ulioinama ukiwa mchanga hujirekebisha, shina likapinda kama upinde na kilele kikaelekea juu. Huo mara nyingi ni salama. Mti ulionyooka kama rula lakini umelala upande mmoja, kilele nacho kimelala, umeanza kung'oka. Nenda upande wa pili, ule ulio kinyume na mti unakoinamia. Udongo ukiwa umeinuka au una nyufa za nusu duara, mizizi imekwisha kuachia. Ukiona hivyo usilale chumba kilicho upande wa kuinama, hata usiku huo mmoja. Ukiwa na shaka tu, tundika boliti kwenye uzi, ifanye timazi, piga picha ukiwa umesimama mahali palepale kila tarehe mosi, ulinganishe.

Sasa mizizi, na hapa ndipo makosa yetu wenyewe yanapojificha. Watu hudhani mti mrefu una mzizi mrefu unaoshuka chini kama kisima. Sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, nayo hutambaa mbali kuliko kivuli cha matawi. Inayoshika mti usianguke ni ile minene iliyo karibu na shina. Sasa fikiria vijumba vya kupangisha vinavyosongamana Kampala, Jinja au Mbale: huyu anachimba msingi, yule shimo la choo, mwingine anapitisha bomba la maji, halafu greda inapita kupanua barabara. Kila mmoja hukata mizizi ya upande wake na kufukia. Miaka miwili baadaye mvua inalainisha udongo, upepo unatangulia mvua ya pili, mti unaanguka, na watu wanalaumu urefu. Chukua kipenyo cha shina ukizidishe mara nane. Ndani ya umbali huo usichimbe. Shina la sentimita 50 linataka mita 4. Ukikata mizizi minene ndani ya mara tatu ya kipenyo, yaani mita moja na nusu kwa mti huo, umeukata mguu. Kwa hiyo kabla ya kumshitaki jirani, jiulize nani alichimba, na lini. Mara nyingi anayelalamika ndiye aliyechimba.

Aina ya mti nayo ina uzito. Mkaratusi kwenye udongo mzuri hupita mita 20 kabla ya kutimiza miaka 10, na huangusha matawi makavu hata kukiwa shwari. Mparachichi mbao yake ni laini, hukatika wakati umebeba matunda. Mwembe mara nyingi huvunjikia kwenye panda: panda yenye umbo la U ni imara, ya V iliyobana gome katikati hupasuka. Mutuba, yaani mtini wa kutengenezea nguo za gome, na jamaa zake wana mizizi yenye mabavu kwenye kuta na saruji.

Tafadhali msikate vilele. Tunalisema hili kila mwaka na kila mwaka tunaona miti imeachwa magogo matupu, mwenyewe akijisifu kwamba ameipunguza. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa pupa, kila moja limeshikilia ganda la nje tu, na chini yake jeraha kubwa linaoza. Baada ya miaka mitatu au minne una mti unaorudia urefu wake, wenye matawi mabovu kuliko ya kwanza. Ulikuwa na hofu, sasa una hatari.

Kupunguza kwa haki ni kuondoa matawi makavu kwanza, kisha yale yanayoelemea paa, bila kupita robo ya majani yote kwa mara moja. Tawi nene hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unatoka chini, sentimita 30 kutoka shinani, kina cha robo ya tawi. Wa pili unatoka juu, sentimita 5 mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchana gome hadi shinani. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya kile kivimbe ambapo tawi huungana na shina. Kivimbe hicho ndicho kinachofunga kidonda, usikiguse, wala usipake rangi au oili chafu.

Mazungumzo na jirani ni kazi ya peke yake. Usiende na panga mkononi wala usianze kwa LC1. Nenda mchana, na mtu mzima anayeheshimiwa na nyumba zote mbili, na useme, "Mzee, tumekuja tuutazame mti pamoja." Mwonyeshe nyufa, uyoga, na lile duara linalogusa chumba chake mwenyewe. Akikataa, andika barua yenye tarehe na picha, nakala tatu: yake, yako, na ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri. Mwenye mti aliyeonywa kwa maandishi akapuuza huwa pabaya zaidi mahakamani kuliko yule ambaye hakujua. Tawi linalovuka mpaka waweza kulikata hadi mpakani ukiwa umesimama kwako, lakini tawi na matunda yake ni mali yake. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wenu nyote. Kampala nendeni KCCA, mamlaka ya jiji, kwingine halmashauri ya mji. Mvule usiguswe kabla ya kumwona afisa misitu wa wilaya.

Wapo wanaochoka kuzungumza wakauua mti wa jirani kwa siri, kwa kuchuna gome, kuchoma takataka kitakoni au kumwaga dizeli. Ni uovu, na pia ni ujinga. Mti uliokauka ukiwa umesimama huwa mkavu na mwepesi kukatika, na hakuna fundi mwenye akili atakayeupanda. Kazi ya siku moja inageuka kazi ya hatari.

Ikibidi ukatwe, fanyeni wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti kwa upande wa kusini na kati. Jihadharini na fundi anayesema hataki pesa, atachukua mbao. Faida yake ni gogo refu, hivyo atauangusha mzima, na karibu na nyumba mti haulazwi mzima. Hushushwa vipande kuanzia juu, kila kipande kimefungwa kamba ya nailoni iliyo nzima inayozungushwa kwenye shina la chini kupunguza kasi. Kamba ya katani iliyonyeshewa isitumike. Mkaratusi mbichi una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya ujazo: gogo la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2 lina takriban kilo 250, na bati haliwezi kulizuia. Sehemu ya chini iliyobaki, ikiwa kuna nafasi, hukatwa mdomo, yaani pengo lenye umbo la kabari, upande wa kuangukia, kina cha robo ya kipenyo, kisha mkato wa nyuma ulio sentimita 3 hadi 5 juu ya sakafu ya mdomo. Katikati ibaki bawaba, yaani mbao isiyokatwa, ya moja ya kumi ya kipenyo, sentimita 4 kwa shina la sentimita 40. Anayekata hadi mwisho bila bawaba hajui mti utaelekea wapi. Watu wakae mbali mara mbili ya urefu wake.

Waya za umeme zikiwa ndani ya mita 3 kutoka tawi lolote, hakuna kupanda wala kutupa kamba. Piga simu UEDCL, kampuni ya serikali ambayo tangu Aprili 2025 ndiyo msambazaji wa umeme, waukate kwanza.

Kwa dada yetu wa Bombo: hamisha vitanda vya watoto leo, upande wa pili wa nyumba. Jumamosi pimeni, mpige magoti mtazame kitako. Udongo ukiwa haujapasuka na shina likilia zima, ombeni matawi ya upande wa paa lenu yapunguzwe, basi. Ukikatwa, mng'oe kisiki; mkaratusi huchipua upya, na kikifa ardhini mchwa watakijaa, halafu wataijia nyumba. Kagueni msingi kila mwezi kwa mwaka mzima, mkitafuta vijia vya udongo vyembamba kama penseli.