Kanga Moja, Watu Watatu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kongwa. Nimeandika mchezo wa mtu mmoja: bibi muuza ubuyu amempeleka mjukuu wake kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikiigiza, watu wanasema hawajui nani anaongea. Nibadilishe nguo? Na huu upepo wetu je, nikicheza uwanjani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nguo achana nazo. Ukiinama kuvaa koti la mwenyekiti, watu wanatazama koti, mkasa umesimama. Mimi hupanda jukwaani na kanga moja tu: kichwani ni bibi, nikiitupa begani ni mgolole wa mzee. Mmarekani Ruth Draper (1884–1956) aliigiza peke yake miaka mingi, Marekani na Ulaya, akiwa na shali na vikorokoro vichache, na watazamaji wakaona chumba kimejaa watu.

Kazi yote iko machoni. Mwenyekiti mkalishe kulia kwako, uchague msumari ukutani au kichwa cha mtu wa safu ya tatu: hapo ndipo uso wake ulipo, usihame. Mjukuu yuko kushoto, usawa wa nyonga. Ukimtazama chini sasa hivi, kisha baadaye kidogo ukamtazama usawa wa kifua, umemkuza mtoto bila kumlisha.

Halafu mpe asiyeonekana nafasi ya kujibu. Bibi akiuliza, "Ubuyu wangu kala nani?", usikimbilie mstari unaofuata. Msikilize mtoto. Jibu lake tulione kwako: mkono uliokuwa unafunga pindo la kanga unasita, kidevu kinapanda taratibu, ndipo unasema, "Eti mbuzi?" Vijana wengi wanaharibu hapa kwa kuogopa kimya.

Na tafadhali, bibi usimpe sauti ya kukwaruza ili watu wacheke. Mabibi wa Kongwa ninaowafahamu wanaongea vizuri kuliko madiwani.

Upepo? Fika mapema, ujue unavumia wapi, kisha wapange watu mbele yako wewe ukiupa mgongo, ukupelekee sauti. Mkiwa chini ya bati na mvua ikashuka, usishindane nayo. Kaa kama bibi anayengoja ipite, watu watangoja nawe. Maji yako ya kunywa yatie kwenye kibuyu uyaweke hapo hapo jukwaani, maana bibi naye hushikwa na kiu.