Ana lake jambo

Wete, Ijumaa baada ya sala

Mwanangu,

Sie wazima, alhamdulillahi. Goti la baba yako ndilo lile lile.

Umeniuliza kama mkuu wako hapo hotelini alikuwa na haki kukufutia "disinterested" ulipoandika kwamba mgeni alichoshwa na safari ya mashamba ya viungo, akaweka "uninterested". Haki anayo. La kwake ni mtu asiye na hamu, hajali. La kwako ni mtu asiye na maslahi, hana upande. Wenyewe Waingereza katika karne ya 17 waliyatumia kinyume, na hadi leo wengi wao huyachanganya, kwa hiyo usione haya sana. Lakini neno ni pishi, nimekwambieni tangu wadogo: ukilipunja, kuna atakayelala na njaa.

Mimi nililipunja. Mzozo wa mpaka na wale wa bondeni unaujua. Mkubwa wa mradi ule wa mipaka alikuwa mgeni, basi babu yako akataka nimwandikie barua kwa Kiingereza. Mimi tena, wa kwanza skuli! Nikaomba tuletewe mtu "uninterested" aje atuamulie.

Tukaletewa "uninterested" huyo huyo. Karafuu zimeanikwa majamvini, babu yako anamweleza mkarafuu mmoja mmoja nani aliupanda, naye anapiga miayo, anauliza gari ya Chake inapita saa ngapi. Alikunywa madafu mawili (yetu), akachora mstari mnyoofu kama uzi, na mikarafuu mitatu ikaangukia ng'ambo. Jioni babu yako akasema tu, "Barua yako imejibiwa." Allah amrehemu, hata leo sijui alinitania au alinilaumu.

Najiambia angepiga miayo hata ningeliandika lile jengine. Huenda hata barua yenyewe hakuisoma. Halafu tena nasema, hapana, neno ni pishi, niliomba asiyejali nikapewa asiyejali.

Na mjomba wako naye kashikilia kwamba asubuhi ile alimwona akitoka kwa wale wa bondeni, anajifuta midomo. Ikiwa ni kweli, basi hakuwa hili wala lile: alikuwa na lake jambo, na Kiingereza changu hakina kosa. Ingenifaa sana iwe hivyo. Lakini sisemi, mtu mwenyewe keshaondoka, wala mimi sikumwona.

Ila miayo ile, mwanangu, haikuwa ya kuigiza.

Mama yako