Kabla ya Kulaumu Kompyuta ya Injini, Kagua Viungo vya Ekzosi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba tangu afungiwe ekzosi mpya, yaani bomba la kutolea moshi, pikipiki yake hufyatua milio kila anapoachia aksileta, na akataka nimshauri anunue programu ipi ya kompyuta ya injini, ile inayopanga kiasi cha petroli, ili tatizo liishe. Nilimjibu asinunue chochote kwa sasa, bali afungue bomba na aangalie mahali linapokutana na injini. Wengi wetu tunatamani pikipiki nyepesi, yenye pumzi na sauti nzito, na wengi wetu tukishapata bomba zuri hukabidhiwa pikipiki inayosumbua kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa haraka. Yamenipata mimi pia.

Ekzosi yangu ya kwanza ilikuwa seti kamili, kuanzia bomba linaloingia kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, hadi silensa, na nilikuwa nimeiwekea akiba kwa muda mrefu. Niliipeleka kwa fundi aliyesifiwa sana na kila niliyemuuliza. Nilipoirudisha pikipiki kwa sababu ya milio, aliniambia kwamba hiyo ndiyo sauti ya ekzosi za michezo. Niliporudi tena, alisema mchanganyiko wa hewa na petroli umekuwa mwembamba, yaani petroli ni kidogo mno, na kwamba kompyuta inahitaji kupangwa upya, nami nikalipia kazi hiyo. Milio ilibaki vilevile, na juu yake pikipiki ikaanza kula mafuta kuliko zamani. Mara ya mwisho aliniambia, mbele ya wateja wengine, kwamba watu wasiojua pikipiki wasinunue vifaa vya wanaojua. Miaka imepita na maneno hayo bado yananiuma.

Nilinunua vifaa, nikakisoma kitabu cha pikipiki ukurasa kwa ukurasa, nikaifungua ekzosi mwenyewe. Gasketi ya zamani, ile pete inayoziba kiungo, ilikuwa bado imo ndani ya tundu la silinda hedi, imebanwa mpaka imekuwa bapa, na bomba jipya lilikuwa limefungwa juu yake bila gasketi mpya. Upande mmoja wa kiungo ulikuwa na masizi meusi, upande wa pili ulikuwa safi, ishara kwamba bomba lilikaa mshazari. Breketi ya silensa, yaani kishikio chake kwenye fremu, ilikuwa imekazwa kwanza, kisha bomba zima likavutwa kwa nguvu hadi nati za mbele zikashika.

Hapo ndipo kila kitu kilipoeleweka. Moshi hautoki kwenye injini kama mkondo ulio sawa. Hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kwa muda mfupi hadi chini ya shinikizo la hewa ya nje. Kiungo chenye upenyo hunyonya hewa katika muda huo. Unapoachia aksileta, petroli ambayo haikuungua vizuri ndani ya silinda hufika kwenye bomba, hukutana na hewa hiyo, na kuwaka humo humo. Huo ndio mlio. Ubaya zaidi ni kwamba sensa ya oksijeni, ambayo kwa kawaida iko baada kidogo ya kiungo hicho, upande wa silensa, huipima hewa iliyoingia kwa wizi na kuiarifu kompyuta kwamba injini ina petroli kidogo, ilhali haina upungufu wowote. Kompyuta, inayolenga takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, huongeza petroli isiyohitajika. Nililipia marekebisho ya kompyuta iliyokuwa ikidanganywa na gasketi.

Tangu wakati huo sijamkabidhi mtu yeyote ekzosi yangu, na ile niliyoifunga mwezi huu ndiyo iliyonipa furaha kubwa kuliko zote: imewaka mara ya kwanza, imetulia, na ninapoachia aksileta kwenye mteremko mrefu nasikia ngurumo laini tu. Nasema hivi kwa fahari kwa sababu niliambiwa kwamba sitaweza.

Fungua ekzosi ya zamani injini ikiwa baridi, baada ya kupuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati za silinda hedi tangu usiku uliotangulia. Stadi za hapo, yaani skrubu zinazoshika nati hizo, ni nyembamba, mara nyingi za milimita 6 au 8, zimepikwa na joto kwa miaka, na ikikatika moja ndani ya hedi utaitafuta mashine ya kutoboa badala ya spana. Nati ikikataa, irudishe kidogo upande wa kukaza, ongeza mafuta, subiri. Kisha toa gasketi ya zamani. Mulika tochi ndani ya tundu na ukwaruze taratibu kwa kitu chenye ncha, kwa maana gasketi iliyobanwa hufanana na chuma kilicho nyuma yake, na ndiyo maana mafundi wenye haraka huiacha humo. Gasketi mpya ni lazima, kwa sababu ile ya zamani imekwisha kubonyea na haiwezi kuziba tena.

Sasa pachika kila kitu bila kukaza chochote: bomba la mbele, kiungo cha kati, springi, silensa na breketi yake, vyote vikishikwa na nati zilizozungushwa kwa vidole tu. Tikisa bomba mpaka likae lenyewe. Kaza nati za silinda hedi kwanza, kidogo kidogo kwa kupokezana, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, kisha klampu, breketi ya silensa iwe ya mwisho kabisa. Tundu la breketi lisipokutana na tundu la fremu, usilivute. Rudi mbele, legeza, panga upya. Nalirudia kwa makusudi: usikaze chochote kabla vyote havijakaa.

Futa alama za vidole kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuwasha, kwa kuwa mafuta ya ngozi huungua na kubaki kwenye chuma. Washia nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Bomba likiwa bado halijapata joto, pitisha mkono karibu na kila kiungo bila kukigusa. Pumzi yoyote utakayoihisi ni kazi ya kurudia. Injini ikipoa kabisa, kaza tena kwa kipimo kile kile, maana gasketi mpya huendelea kubonyea baada ya joto la kwanza.

Ndugu zangu, acheni pia kung'oa kizuizi cha sauti kilicho ndani ya silensa. Alama ya idhini ya herufi E ndani ya duara, inayowekwa chini ya Kanuni namba 92 ya Umoja wa Mataifa, inahusu silensa ikiwa kamili, na bomba lililoachwa wazi mara nyingi hupunguza nguvu kwenye mizunguko ya chini ya injini, yaani pale tunapoendesha kila siku. Jirani anayeamshwa alfajiri hana kosa lolote.

Programu ya kompyuta ina nafasi yake, hasa kwa aliyefunga seti kamili isiyo na kichujio cha moshi (katalisti) na kubadilisha pia chujio la hewa. Mwenye kabureta naye huenda akahitaji jeti kubwa zaidi, yaani kitundu kinachopitisha petroli. Lakini vipimo hivyo vichukuliwe viungo vikiwa vimeziba, kwa sababu usomaji wa sensa kwenye bomba linalovuja haumwambii fundi chochote cha kweli kuhusu injini.