Kabla hujaingiza XML kwenye R, amua mstari mmoja ni nini

Nilizoea CSV, faili la jedwali ambalo koma hutenganisha safu. Unaandika amri moja, jedwali linatokea, unaanza kazi. Kwa hiyo nilipopewa data za utafiti wa kaya zikiwa kwenye XML, faili la maandishi ambalo kila taarifa hukaa ndani ya tegi, yaani alama kama <umri>4</umri>, nilidhani tofauti ni jina la faili tu. Nikafungua R, lugha ya kuchakata takwimu, nikapakia kifurushi chake cha xml2, nikavuta namba zote za wanakaya kwa xml_find_all, nikavuta umri wote vivyo hivyo, nikabandika pande mbili kwenye data.frame, yaani jedwali la R. Idadi zilifanana kabisa, nami nikaridhika.

Siku tatu baadaye nikamkuta mtoto wa miaka minne mwenye shahada.

Nilianza kwa kulaumu dodoso, kisha wadadisi, kumbe kosa lilikuwa langu. Mwanakaya mmoja hakuwa na tegi ya umri kabisa. Mbele yake, mwingine alikuwa nazo mbili, nadhani mtu alisahihisha bila kufuta ya kwanza. Pungufu moja na ziada moja zikafutana, jumla ikatimia, na wote waliokuwa katikati wakapewa umri wa jirani yao. R haikulalamika, kwa sababu haikuwa na sababu ya kulalamika.

XML ni mti. Kaya ina watu, mtu ana umri, elimu, pengine simu mbili au asiwe nayo hata moja. Jedwali halijui matawi. Kwa hiyo kabla ya kuandika amri yoyote, fungua faili kwa kihariri cha maandishi, lisome kwa macho, kisha uamue: mstari mmoja wa jedwali ni kaya au ni mtu? Ukitaka vyote viwili, tengeneza majedwali mawili, kila mtu abebe namba ya kaya yake, uyaunganishe baadaye kwa merge, amri ya R ya kuunganisha majedwali.

Ukishaamua, vuta kwanza watu wenyewe: xml_find_all(faili, "//mtu"). Halafu, juu ya orodha hiyo, tumia xml_find_first na njia "./umri", kisha xml_text kutoa maandishi yaliyomo. Asiye na tegi atapata NA, alama ya R ya thamani isiyopo, mahali pake, na hakuna atakayesogea. Hiyo nukta ya mwanzo usiidharau. Ukiandika "//umri", utafutaji unarudi kwenye shina la faili zima hata kama umeshika tawi moja, na watu wote watapewa umri wa mtu wa kwanza. Mimi liliwahi kunitokea nikabaki kushangaa kijiji kizima cha marika.

Ila xml_find_first huchukua ya kwanza na kunyamaza. Wenye tegi mbili watafute mapema kwa "//mtu[count(umri)>1]".

Kuna siku utaandika njia sahihi kabisa upate sifuri. Tazama juu ya faili: ukiona xmlns ikifuatwa na anwani ndefu, majina yote ya humo yana ukoo (namespace), na wewe umeita bila ukoo. Andika "//d1:mtu", d1 ikiwa jina ambalo xml2 huupa ukoo usio na jina lake, au uondoe ukoo huo kwa xml_ns_strip ikiwa faili lina mmoja tu. Hili lilinila mchana mzima.

Kila kinachotoka kwa xml_text ni maandishi. Umri geuza kuwa namba, lakini misimbo, kama namba ya kaya, iache: ukigeuza 007 inabaki 7, na haitaungana tena na jedwali jingine lolote.

Wanaotumia SAS, programu nyingine ya takwimu, wana XMLMap, faili la maelekezo ambalo linakulazimisha kutamka mstari ni nini kabla ya kusoma chochote. Linachosha kuliandika, lakini nalipenda kwa ukali huo. Wa lugha ya Python wana read_xml ya pandas, kifurushi chake cha majedwali, nzuri kwa mti mfupi.

Mwisho, usihesabu jumla peke yake kama nilivyofanya mimi. Chagua watu watano, wawili wa kutoka katikati ya faili, uwalinganishe tegi kwa tegi na jedwali lako.