Data ya nje: taja wanaoruhusiwa, mengine yote yakatae

Wiki hii mabadiliko yangu ya kuzuia data ya nje isifunguliwe ovyo yamepokelewa kwenye maktaba ya Java (msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie) inayotumiwa na programu nyingi sana, na toleo jipya limeshatoka. Nimeyaandikia hapahapa Mtwara, nyumbani Chuno, kwa bando la simu. Nalisema kwa sauti kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi kama hii, na kuna watu wanawakatisha tamaa kwamba ni ya watu wa Dar au wa ng'ambo.

Chanzo chake ni korosho. Nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza mfumo wa mapokezi kwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Tandahimba na Newala. Karani anapima, simu inaifungasha risiti kuwa baiti, mtandao ukirudi seva inaifungua iwe objekti tena, yaani data ambayo programu inaweza kuitumia. Nilipochungulia msimbo wa maktaba iliyofanya kazi hiyo, nikakuta inafungua klasi (aina ya objekti, pamoja na msimbo wake) yoyote inayoletewa. Nikampelekea mkuu wa timu. Akanijibu mbele ya wenzangu, "Nani ahangaike kuvamia mizani ya korosho?" Wakacheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo. Mizani ile ndiyo inayoamua mkulima alipwe kilo ngapi!

Anayeshambulia kwa njia hii hana haja ya kuleta msimbo wake. Anazipanga klasi zilizomo tayari kwenye seva yako, moja iamshe nyingine, mpaka amri yake itekelezwe. Mwaka 2015 maktaba ya Java iitwayo Apache Commons Collections ilitumika hivyo, na Novemba mwaka huo toleo la 3.2.2 likazuia klasi zake za hatari zisifunguliwe. Wengi hudhani wako salama kwa kuwa wanakagua aina ya objekti baada ya kuisoma. Hapo mmechelewa: `readObject` ya klasi ile, yaani msimbo wake wa kujisoma, imeshafanya kazi kabla hamjakagua chochote.

Nilipopeleka marekebisho, wasimamizi wa maktaba ile walitaka tuweke orodha ya klasi zilizokatazwa. Nilikataa, nikawaonyesha yaliyoipata jackson-databind, maktaba ya Java ya kusoma data ya JSON: kila klasi mpya ya hatari ikigunduliwa inaongezwa kwenye marufuku, kisha inaibuka nyingine, hadi toleo la 2.10 la mwaka 2019 lilipoleta njia ya kutaja aina zinazoruhusiwa. Mlinzi wa ghala hakariri sura za wezi wa mkoa mzima. Anapewa majina ya wenye ruhusa.

Kwa hiyo vijana wenzangu, tajeni kinachoruhusiwa. Java 9 na kuendelea ina kichujio chake: andika klasi zako, kisha malizia na `!*`, maana yake mengine yote yakataliwe. Weka na kikomo cha kina (objekti ndani ya objekti) na cha ukubwa. Andika jaribio linaloleta klasi ngeni, uone inakataliwa kweli. Kwa Python, msifungue data ya nje kwa pickle (zana yake ya kufungasha objekti) kabisa, JSON, yaani data ya maandishi matupu, inatosha. Na someni msimbo wa maktaba mnazozitegemea, msingoje ruhusa ya mkubwa.

Ubishi wa mwisho na wasimamizi ulikuwa kama kinga iwe imewashwa tangu mwanzo. Walihofia kuharibu programu za watu. Nilishikilia iwashwe, kwa sababu kinga inayosubiri kuwashwa haiwashwi na mtu. Wakakubali. Programu yako ikigoma baada ya kupandisha toleo, ujumbe wa hitilafu unakutajia klasi iliyokataliwa. Ikiwa ni yako, iongeze kwenye orodha, usikizime kichujio.